Sahani ya Egon

"Usinifanye mimi mjinga, Preben. Kama ungejiandikisha, jina lako lingekuwemo," alisema Gudrun, mwiko wake ukimwelekea jirani yake kifuani.

"Nilijiandikisha jana jioni, nimekaa chooni kwangu na simu mkononi. Nikabonyeza watu wanne. Sasa unataka nikakuonyeshe na choo chenyewe?"

Watoto watatu wa Preben, waliosimama nyuma yake na sahani tupu, waliangua kicheko. Gudrun hakucheka hata kidogo. Tangu alasiri alikuwa jikoni akikaanga frikadela, yale madonge ya nyama ya kusaga ambayo zamu yake ya kupika ilikuwa maarufu kwayo, na sasa sinia lilikuwa linakaribia kubaki tupu huku nusu ya watu wangali kwenye foleni.

Kila Jumatano watu wa Pilebakken walikula pamoja. Kila familia ilikuwa na nyumba yake na jiko lake, lakini katikati ya makazi hayo, nje kidogo ya mji wa Odense, palikuwa na nyumba ya pamoja, na siku hiyo mtu mmoja alishika zamu ya kuwapikia wote. Sharti lilikuwa moja tu. Anayetaka kula ajiandikishe mapema, ili mpishi ajue amenye viazi kiasi gani. Zamani walijiandikisha kwa chaki kwenye ubao wa ukumbini. Tangu Machi walikuwa wanatumia tovuti, na tovuti hiyo ilitengenezwa na Tilde, msichana wa miaka kumi na mitatu, ambaye wakati huo alikuwa akipanga bilauri mezani, masikio yake yote yakiwa jikoni.

Tilde alikuwa ameshajua kilichotokea. Alikijua hata kabla Preben hajamaliza habari za choo chake.

Jikoni mambo yalizidi kupamba moto. Gudrun alimkumbusha Preben kwamba mtu aliyewahi kumsahau mama mkwe wake stesheni hadi giza likaingia hana uso wa kuapa mbele za watu kwamba hakusahau. Preben akajibu kwamba hakumsahau mama mkwe, alichelewa kumchukua kwa makusudi. Watu wakacheka, na kicheko hicho kikamchoma Gudrun zaidi. Akainua mwiko juu, akaipandishia sauti foleni nzima.

"Tulikubaliana mkutanoni. Ambaye hayumo kwenye tovuti sikumpikia, na asitegemee sahani hapa. Awe nani."

Ndipo Tilde alipotazama mlangoni akamwona Egon.

Egon alikuwa mzee wa nyumba ya mwisho, ile yenye mlango wa kijani. Tangu mkewe, Inger, afariki katikati ya majira ya baridi, hakuwa amekanyaga nyumba ya pamoja. Leo alikuwa amesimama pale na shati lililopigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji, na kitambaa chake cha kujifutia mezani kimekunjwa vizuri mkononi. Alimtazama Gudrun. Akalitazama sinia. Kisha akakitia kile kitambaa mfukoni mwa koti, akageuka, akaufunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba alimolala mtoto.

Hakuna mwingine aliyemwona pale mlangoni.

Basi walikula hivyohivyo. Frikadela zilikatwa nusu nusu, mkate mweusi ukaletwa kutoka nyumba hii na ile, watu wakashiba kiasi na kulalamika kwa wingi. Mtu mmoja aliyeketi karibu na dirisha alisema amemwona Egon akielekea kwake peke yake, na hapo mazungumzo yakapata mlo wao. Wakasema Egon siku hizi hataki watu. Wakasema huyo hata ukimbeba mgongoni haji. Mama yake Tilde, ambaye hakupenda kumsema mtu aliye kwenye msiba, alisema kwa upole kwamba wengine huzuni yao huwa wanaitaka peke yao, na waachwe.

Tilde alikiangalia kiazi kilichokuwa kwenye sahani yake. Alikuwa na jambo la kusema, lakini alikikata kiazi vipande vidogo vidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Jana yake, Jumanne, Egon alimwita kwenye benchi la nje akamnyooshea simu yake. Alitaka kujua siku hizi watu wanajiandikishaje. Tilde alikaa naye, akamwonyesha pa kubonyeza, na mzee akabonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja: nyumba yake, siku ya Jumatano, mtu mmoja. Hapo kwenye "mmoja" alikawia sana. Halafu aliuliza, "Sasa wanajua nakuja?"

"Wanajua," Tilde alimjibu.

Na huo haukuwa ukweli kamili.

Kuelewa kwa nini, lazima umjue Merete. Merete aliishi nyumba ya tatu, kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta, na ndiye aliyemfundisha Tilde. Hakumpa maneno makubwa. Alimwambia akumbuke vile visanduku vya kwenye bwawa la kuogelea, vya kuwekea nguo. Kila kisanduku kina namba yake nje, na ndani unaweka kitu chako. Ukijua namba, unakipata kitu. Hifadhi ya tovuti yao ingekuwa hivyohivyo. Nje ya kila kisanduku pangeandikwa nyumba na tarehe, na huo ndio ungekuwa ufunguo. Ndani ingekaa idadi ya watakaokula. Programu ingehitaji amri chache tu za kupeleka huko: weka, chukua, futa.

"Lakini hilo kabati lenye visanduku liko wapi?" Tilde aliuliza siku hiyo.

Merete alifurahi, kwa sababu hilo ndilo swali alilokuwa akilingojea. Alieleza kwamba programu haijui kabati liko wapi, na haina haja ya kujua. Katikati inakaa adapta, inayopokea amri za programu na kuzifikisha kabatini. Ni kama ile adapta ambayo Tilde aliichomeka ukutani walipokwenda Uingereza. Chaja yake haikujua wala kujali tundu la Waingereza lina umbo gani. Ipo adapta inayoweka vitu kwenye kumbukumbu ya seva, yaani ile kompyuta inayoiendesha tovuti. Hiyo ni rahisi na inafaa kwa majaribio, ila seva ikizimwa na kuwashwa upya, kila kitu kinatoweka, kama maneno uliyoandika kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu. Na ipo adapta inayoandika kwenye diski. Hiyo hata seva izimwe, vitu vinabaki.

Tilde alianza na ile ya kumbukumbu, kama afanyavyo kila mtu anayejaribu. Alipotaka kuhamia ya diski, seva ilimkatalia. Kila alipoiwasha, maandishi mekundu yalijaa kioo kizima, naye akayafunga. Merete alikuwa anasafiri kwenda kufanya kazi Norwei kwa miezi miwili, na siku ya kuondoka alimwachia neno moja: asiwakabidhi watu tovuti kabla hajabadilisha adapta.

Lakini mkutano wa Machi uliwadia, na Tilde alitamani sana kuwaonyesha. Tovuti ilimulikwa ukutani kwa projekta, kubwa na nzuri. Gudrun, aliyekuwa mwenyekiti, aliuliza swali moja: majina yetu yatakaa salama humo?

"Yatakaa," alisema Tilde, na watu wakampigia makofi.

Tangu hapo aliishi kwa ujanja. Kila akitaka kubadilisha kitu kwenye tovuti, alingoja Alhamisi, watu wakiwa wameshakula na visanduku havina kitu cha maana. Seva iliwaka upya, hakuna aliyejua, na taratibu yeye mwenyewe akaanza kusahau kwamba kuna tatizo. Mpaka Jumatano hii, saa ya mapumziko shuleni, rafiki yake Alberte alipoitazama tovuti akasema inafanana na tangazo la daktari wa meno. Tilde alishindwa kuvumilia. Alifungua kompyuta papo hapo, akageuza rangi, akaweka picha ya uma, akapeleka mabadiliko kwenye seva. Ukurasa mpya ulipofunguka unang'aa, chini yake paliandikwa kwamba leo hakuna anayekula. Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Akajiambia labda ni wachache tu waliokuwa wameshajiandikisha, na mchana bado mrefu.

Merete alirudi Alhamisi. Masanduku yake yalikuwa bado ukumbini Tilde alipobisha. Msichana aliongea bila kupumua, akaanzia kwenye uma akaishia kwenye mlango ulivyofungwa polepole. Merete alimsikiliza mpaka mwisho. Alisogeza kiti, akaifungua kompyuta, akausoma msimbo, yaani maandishi ya programu, kuanzia juu mpaka chini.

"Umeandika vizuri," alisema mwishowe. "Safi kabisa."

"Ndiyo maana hakuna aliyeona kosa."

"Hakuna ambaye angeliona. Programu inasema weka, adapta inajibu sawa, nimeweka. Na kweli imeweka. Programu haina njia ya kujua imewekewa wapi. Aliyejua alikuwa mmoja tu, mwanangu."

Tilde aliangalia soksi zake.

Merete hakumtengenezea. Alimwambia aiwashe adapta ya diski, na yale maandishi mekundu yalipotokea, alimzuia mkono asiyafunge. Alimtaka ayasome kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Tilde alisoma. Huko mwishoni, mahali ambapo hakuwahi kufika, palikuwa pamesemwa wazi kabisa kwamba seva haina ruhusa ya kuandika kwenye folda ile. Basi. Wakaipa ruhusa. Kisha Tilde akabadilisha mstari mmoja, akaitoa adapta ile na kuitia hii, na sehemu nyingine yote ya programu haikuguswa.

"Sasa niandikishe mimi," alisema Merete. "Watu saba. Halafu zima seva."

Kidole cha Tilde kilisita juu ya kitufe. Hilo ndilo jaribio alilolikwepa miezi miwili. Alizima. Akawasha. Akafungua ukurasa, na wale watu saba wa Merete walikuwepo palepale. Macho yalimjaa machozi, kwa sababu kazi yote ilikuwa imekwisha kabla chai aliyomiminiwa haijapoa.

Aliuliza kama majina ya jana yanaweza kurudishwa kwa njia yoyote. Merete alitikisa kichwa. Kilichofutika kwenye kumbukumbu ya seva hakirudi, na majina yale hayako tena popote isipokuwa vichwani mwa walioyaandika.

"Basi nitaweka tangazo kwenye tovuti," Tilde alisema. "Niandike kwamba kulikuwa na hitilafu, tunaomba radhi."

"Weka. Lakini tangazo ni la watu wote, na Egon hakuondoka na watu wote."

Kwanza alikwenda kwa Gudrun, aliyekuwa akipalilia vitunguu bustanini. Gudrun alimsikiliza akiwa ameinama. Akanyooka, halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakumfokea. Alisema tu kwamba amemwita Preben mwongo mbele ya watoto wake, na kwamba wengine walimwita hivyo kwa kumfuata yeye. Tilde alipomweleza kuhusu Egon pale mlangoni, Gudrun aliuziba mdomo wake kwa kiganja chenye udongo.

"Alinisikia?"

"Alisikia mpaka 'awe nani'."

Gudrun alitaka kuondoka mbio vilevile na magoti yake machafu, lakini Tilde alimwomba amwache atangulie. Gudrun akakubali, akasema na yeye ana mtu wake wa kumwomba radhi. Akakata kona kuelekea kwa Preben. Tilde alipokuwa njiani alisikia nyuma yake sauti ya Preben ikisema atasamehe kwa sharti moja, Jumatano ijayo apakuliwe wa kwanza, kabla hata ya watoto wake.

Mlango wa kijani ulichukua muda kufunguliwa. Egon alitokea akiwa na aproni, akashangaa kidogo kumwona, kisha uso wake ukarudi kuwa mtulivu kama wa mtu asiyetaka kumsumbua mtu.

"Simu yangu haina tatizo leo," alisema. "Sijaigusa."

Njia nzima Tilde alikuwa amepanga maneno. Yote yalimpotea.

"Jina lako lilikuwemo, Egon. Uliliandika vizuri. Mimi ndiye niliyelipoteza."

Akaeleza. Hakutaja hitilafu, na Alberte pia hakumtaja. Alisema alijua tangu Machi kwamba seva ikiwaka upya majina yanapotea, kwamba aliwaambia watu yako salama, na kwamba Jumatano mchana aliiwasha upya kwa sababu alitaka rangi nyingine. Egon alisikiliza huku ameegemea fremu ya mlango.

"Kwa hiyo Gudrun hakujua nakuja?"

"Hakujua. Na yale maneno alikuwa akimwambia Preben."

Mzee alivuta pumzi ndefu, akaiachia. Kisha akaanza kusema, taratibu, kama anayejisimulia mwenyewe. Alisema lile shati alilipiga pasi mara mbili. Alisema alizunguka nyumba ya pamoja kwanza, akasikia vicheko, akataka kurudi, akajilazimisha. Na aliposikia hana sahani, alifikiri watu wameshazoea kuhesabu bila yeye na Inger. Hakukasirika. Alirudi nyumbani, akavua shati, akajiambia hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda.

Hapo Tilde alilia. "Uliniuliza kama wanajua. Nikakuambia wanajua."

Egon alimwacha alie kidogo. Alichutama kwa shida mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Nisikilize, Tilde. Mashine ingeharibika tu, ningeikasirikia simu nikaenda kulala. Lakini mtu akikuuliza kama kitu ni salama, haiulizi mashine. Anakuuliza wewe, kwa sababu anakuamini. Kama kazi hujaimaliza, sema sijaimaliza. Hakuna ambaye angekucheka. Tungeendelea na chaki yetu mpaka iwe tayari, basi. Na mimi ungeniambia, Egon, bado ninajaribu, ningekwenda kumgongea Gudrun dirishani mwenyewe. Umeelewa?"

Tilde alitikisa kichwa kukubali, akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Kuja kuniambia hivi, ana kwa ana, haikuwa rahisi. Najua. Ningekuwa na umri wako ningejificha."

Ndani, kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga, na harufu ya majani ya shibiti na samaki wa kukaangwa ikatoka mpaka barazani. Egon aligeuka nusu kuelekea jikoni, kisha akamgeukia tena.

"Mama yako anajua uko huku?"

"Anajua."

"Umekula?"

"Bado."

"Mimi viazi vimenishinda. Kila siku nachemsha vya watu wawili, mkono umezoea hivyo, na kila siku vinabaki." Akausukuma mlango wa kijani mpaka ukafunguka wote. "Vua viatu, uingie. Na mpigie mama yako simu, mwambie naye aje."